MaBhele na Mashine Isiyojua Kuimbisha

Tangu Ijumaa MaBhele hakuwa ameimba hata mstari mmoja, na kijiji kizima cha Mthonjeni kilikuwa kimepooza kama nyumba iliyofiwa.

Huyu ni mwanamke ambaye kila asubuhi, akiwa bado anakanda unga wa amagwinya, yale maandazi ya mviringo anayoyauza kwenye lango la shule, huimba kwa nguvu hata majirani wakaacha kufuga jogoo. Kuku akiingia jikoni, humfukuza kwa do-re-mi. Marehemu mumewe alipokuja kumposa, zamani hizo, hakuulizwa ana mali gani wala kazi gani. Aliulizwa, "Wewe unaimba sauti ipi?" Akasema besi. "Basi waambie wazee wako walete ng'ombe," MaBhele akamjibu, na wakaishi vizuri mpaka kifo.

Sasa alikuwa amenyamaza, na chanzo chake ni kliniki.

Alhamisi ile, siku ya wenye presha, Sista Vuyokazi alimfunga mkanda mkononi, mashine ikanguruma, kisha ikatoa namba ambayo Sista aliitazama kama mtu anayetazama bei ya nyama mwezi wa kumi na mbili. Mia na tisini juu, chini mia na kumi. Akamshika kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo kwa vidole, na uso wake ukakunjamana zaidi.

"Mama, moyo wako unakimbia. Tena unaruka."

"Unaruka kwenda wapi?"

"Unaruka pigo. Unapiga, unapiga, unasahau moja, halafu unagonga kwa kishindo kana kwamba unajifidia."

MaBhele akashtuka, kwa maana kosa hilo alilijua. "Kama watu wangu wa tena, wale wa sauti ya tatu! Wanachelewa kuingia, halafu wanatufukuzia."

Sista hakucheka. Alimwongezea kidonge cha pili, akamwambia arudi Alhamisi inayofuata. "Nikikuta hali ni hii hii, nakuitia gari la wagonjwa, unakwenda kulazwa hospitali. Basi la kwaya hupandi."

Heri angemwambia asile tena chumvi mpaka kiama. Kwa sababu Jumamosi, siku mbili tu baada ya Alhamisi hiyo, kwaya ya Mthonjeni ilikuwa iende Mthatha kuimba fainali, na MaBhele ndiye mwalimu wa kwaya. Ameimbisha watu wale tangu akiwa na meno yote. Kila mwaka walikwama kwenye mashindano ya wilaya, na kila mwaka majaji waliandika maneno yale yale: Sauti nzuri. Mnakimbia. Mwaka huu walivuka, na haikuwa kwamba wameacha kukimbia. Wapinzani wao ndio waliokimbia zaidi.

Asipokwenda yeye, nani ataimbisha? Tata Zwelibanzi. Wote walilijua hilo, na Tata Zwelibanzi alilijua kuliko wote. Alikuwa mzee wa besi, mstaafu wa mgodini, mwenye kifua kama ngoma na moyo mwema, lakini mkono wake akiimbisha ulikwenda kama wa mtu anayefukuza mbuzi kwenye mahindi.

Basi watu wa Mthonjeni wakaamua kumponya mwalimu wao, na kila mtu akajifanya daktari. MaRhadebe, jirani yake na shoga yake wa tangu usichana, ndiye aliyekuwa mkuu wao.

"Shoga, presha ni upepo," alimwambia kwa uhakika kamili. "Ukifungua mdomo, unaingia. Kwa hiyo huimbi, husemi, hucheki. Unakaa kama yai."

"Nikae kama yai mpaka lini?"

"Tayari umeshasema! Nyamaza!"

Mwingine akaleta viazisukari vyekundu, bitiruti zile zinazotia rangi, mwingine kitunguu saumu, mwingine siki kwenye chupa ya soda. MaBhele alikula viazisukari mpaka midomo ikawa myekundu kama ya bibi harusi, na mchungaji akamuuliza, kwa upole sana, kama kuna habari njema ambayo kanisa halijaambiwa. Hakuweza hata kumjibu. Alitikisa kichwa, mchungaji akadhani ni haya.

Kwenye lango la shule aliuza amagwinya kwa vidole. Kwenye mazoezi alikaa kiti cha nyuma, mkono mdomoni, akimtazama Tata Zwelibanzi akifukuza mbuzi wake. Wimbo wa fainali uliisha kabla MaBhele hajamaliza kuketi vizuri. Alihisi moyo unagonga, unasahau, unagonga. Akazidi kunyamaza. Na kadiri alivyonyamaza ndivyo alivyoiwaza Alhamisi, na kadiri alivyoiwaza ndivyo moyo ulivyogonga. Yai gani linatoka jasho hivyo?

Alhamisi ikafika.

Kliniki ya Mthonjeni ina vyumba vichache na mabenchi mengi, na kabla mlango wa Sista haujafunguliwa, mabenchi huimba. Hakuna aliyewaamuru. Wanawake waliofua nguo za watu maisha yao yote, wanaume waliochimba dhahabu wakarudi na kikohozi, wanakuja alfajiri na mablanketi mabegani kuingojea mashine moja, na mtu mmoja huanzisha wimbo, wengine wakaujaza sauti nne kana kwamba wamelipiwa. Anayesema watu hawa hawana kitu, aje akae kwenye benchi lile asubuhi moja tu, halafu atuambie yeye ana nini.

Anayeanzisha huwa MaBhele. Siku hiyo alikaa pembeni, midomo myekundu imebanwa, akitazama ukuta.

"Mwalimu vipi?" akauliza bibi mmoja.

"Ni yai," MaRhadebe akamjibu.

Tata Zwelibanzi, ambaye naye alikuja kupimwa, alisimama, akakohoa, akanyanyua mkono. Wimbo ukatoka mbio. Ulikuwa wimbo wa zamani wa kuomba mvua, wimbo wa kwenda taratibu kama ng'ombe wanaorudi, lakini chini ya mkono ule ng'ombe walikuwa wameona chui. Mabibi wakashindwa kupumua. Mmoja aliruka ubeti mzima ili awawahi wenzake. MaBhele alishika benchi kwa mikono miwili. Unamchukua mwalimu wa kwaya, unamfunga mdomo, halafu unamwimbia hivyo mbele ya uso wake! Hata mtu mwenye moyo wa jiwe angepata presha.

"MaBhele!" Sista akaita.

Akaingia. Akakaa. Sista akamfunga mkanda, akabonyeza kitufe. Mashine ikaanza: sssss.

Na MaBhele akafanya kile alichokifanya maisha yake yote sauti kama ile inaposikika. Akanyoosha mgongo, akavuta pumzi mpaka chini kabisa ya mbavu, akaishika, akangoja.

Mashine ikakaza mkanda. Akangoja. Mashine ikalegeza kidogo kidogo. Akangoja. Mishipa ya shingo ikamsimama, macho yakamtoka, midomo myekundu ikawa ya zambarau.

"Mama!" Sista akaruka. "Mama, pumua!"

"Pfuuuu!" Karatasi za Sista zikaruka mezani.

Namba ilikuwa mia mbili na ushei. Sista hakuiandika. Alimtazama tu.

"Kwa nini ulikuwa umeshika pumzi?"

"Nilikuwa nangoja ishara."

"Ishara gani?"

"Ya kuanza!" MaBhele akasema, na maneno ya juma zima yakamtoka kwa mkupuo. "Sista, mashine yako haina adabu. Inavuta pumzi, naisikia kabisa, sssss, na mimi navuta pamoja nayo kama mtu mwenye malezi. Halafu haishushi mkono! Haianzishi! Inaniacha nimening'inia hewani mpaka nione nyota!"

Sista alikuwa ameweka kiganja mdomoni. "Na Alhamisi iliyopita?"

"Nilishika vile vile."

"Na miezi yote hiyo ya nyuma?"

"Sista, mimi ni mtu wa nidhamu."

Sista Vuyokazi akainama mezani akacheka, akacheka mpaka kofia ikamwanguka, na MaBhele, yai la siku nyingi, likapasuka, naye akacheka. Nje Tata Zwelibanzi alidhani wanauona wimbo wake mtamu, akauongezea mwendo.

Kisha Sista akajifuta macho. "Sawa. Sasa nisikudanganye. Si pumzi peke yake. Presha unayo kweli, vidonge utaendelea kumeza. Na hapa," akamshika kifundo cha mkono, "moyo bado unakimbia na kurukaruka, na sasa hivi unapumua. Unaogopa nini?"

"Jumamosi. Na wewe. Na hiyo mashine."

"Hebu nikuulize kama mwalimu. Kwaya ikipandisha sauti kupita kiasi, unafanyaje?"

"Nashusha mkono."

"Ikififia?"

"Naunyanyua."

"Basi mwilini mwako kuna mwalimu kama wewe." Sista akagusa shingo ya MaBhele, chini ya taya. "Hapa mshipa mkubwa una masikio. Damu ikisukuma kwa nguvu mno, masikio yanasikia, yanapeleka habari kichwani, na kichwa kinashusha mkono: moyo, taratibu. Damu ikilegea, kinanyanyua: moyo, kaza. Hivyo usiku na mchana. Presha na mapigo wanaimba kwa kusikilizana, hujui hata kama wapo. Sasa niambie, siku ya mashindano mwalimu akiingiwa na hofu, anatazama wapi?"

MaBhele akajishika shingo, pale alipoguswa.

"Majaji," akasema.

"Na kwaya?"

"Haisikii. Iko mbele yake lakini haisikii."

"Ndiyo hofu hiyo. Presha inapanda, na moyo, badala ya kuambiwa taratibu, nao unaambiwa kimbia. Wote wawili juu, wote wawili mbio, hakuna wa kumzuia mwenzake. Na moyo unaofukuzwa hivyo hukosea hatua."

"Mnakimbia," MaBhele akanong'ona.

"Nani?"

"Sisi. Kila mwaka. Na mimi nawalaumu watu wa tena, maskini wa Mungu, kumbe mkono ni wangu." Akapiga paja. "Dawa yake?"

"Mbali na vidonge? Mrudishe mwalimu kwenye kwaya yake. Vuta pumzi polepole, itoe polepole zaidi, usiishike. Pumzi ikienda hivyo, masikio ya shingoni yanaanza kusikia tena."

"Sista! Huko si ndiko kuimba?"

"Nani alikukataza kuimba?"

"MaRhadebe."

"MaRhadebe ana cheti gani?"

"Cha sauti ya kwanza."

"Nenda kakae kwenye benchi," Sista akasema huku anamsukuma mlangoni. "Tulia. Nitakuita tena."

MaBhele akashika fremu ya mlango. "Na namba ikikataa?"

Uso wa Sista ukarudi kuwa ule wa Alhamisi iliyopita. "Ikikataa ni hospitali, mama. Siwezi kuchezea moyo wako kwa ajili ya kombe."

Akatoka. Nje mambo yalikuwa yameharibika. Tata Zwelibanzi alikuwa kwenye wimbo wa pili, jasho linamtiririka, na mabenchi yanahema. Bibi aliyeruka ubeti sasa alikuwa ameacha maneno kabisa, anasema "la-la-la" tu ili asibaki nyuma. Alimwona MaBhele, akamtazama kwa macho ya mtu anayezama.

MaBhele alikaa. Alikaa kweli, kama alivyoambiwa. Akatoa pumzi moja ndefu. Akatoa ya pili. Ya tatu ikatoka ikiwa na maneno.

"Tata, shusha mkono."

"Nini?" akasema Tata Zwelibanzi, mkono ukiendelea.

"Shusha mkono, unatuua."

"Nawachangamsha wagonjwa!"

"Unawachangamsha au unawafukuza? Umeona simba?"

Mabenchi yakaangua kicheko. MaRhadebe akasimama, kidole juu. "Shoga! Upepo! Upepo utaingia!"

"Uingie," MaBhele akasema. "Nina pa kuuweka."

Akasimama mbele yao. Palikuwa na watu wenye sukari, wenye presha, mwenye mguu uliofungwa bendeji, mwenye blanketi kichwani. Mlango wa Sista ulikuwa mgongoni kwake, na namba yake, na Jumamosi yake, vyote vilikuwa mgongoni. Aliwatazama wao. Akanyanyua mkono, wakavuta pumzi, na kabla haijageuka jiwe kifuani, akaushusha.

Ng'ombe wakarudi nyumbani. Hivyo tu ndivyo unavyoweza kusema. Wimbo wa mvua ulitembea kwa miguu yake minne, besi zikikanyaga chini, mabibi juu, kila mstari mrefu kama barabara ya mlimani, na mwisho wa kila mstari benchi zima likapumua pamoja kama mnyama mmoja mkubwa anayesinzia. Tata Zwelibanzi alinuna ubeti mmoja. Wa pili ulimshinda, akaingia na besi yake, na besi ile ikienda taratibu ilikuwa kitu cha kumfanya mtu awasamehe wadeni wake wote. Kwenye mlango wa chumba cha dawa wahudumu walisimama na visanduku mikononi. Hakuna aliyekuwa anangoja chochote. Nchi ingeendeshwa hivi, kila mtu akiwasikiliza wenzake, mimi sijui ni ugonjwa gani ungebaki.

Wimbo ukaisha. MaBhele akakaa, mikono mapajani, akipumua. Sista akamwacha akae hivyo, hakumharakisha, kisha akamwita.

Mkanda. Kitufe. Sssss.

"Vuta wewe," MaBhele akaiambia mashine. "Mimi nina pumzi yangu."

"Mama, usizungumze."

Akanyamaza. Pumzi ikaingia, ikatoka. Mashine ikalegea, ikalia mlio wake. Sista akasoma, akamshika kifundo cha mkono, akafumba macho. MaBhele alijaribu kuusoma uso ule kama anavyosoma nyuso za majaji, kisha akakumbuka, akaacha, akatazama dirishani.

"Mia na hamsini na mbili," Sista akasema mwishowe. "Chini tisini na nne. Bado iko juu. Lakini si ya kukulaza."

"Na moyo?"

"Umepunguza mwendo."

"Unaruka?"

"Umeruka mara moja." Sista akafungua macho. "Hiyo moja nakusamehe. Panda basi, mama. Vidonge mfukoni, na nitakuwapo."

"Kama muuguzi?"

"Kama sauti ya pili. Nimesikia mnapungukiwa."

Kigelegele alichopiga MaBhele kiliwaamsha watoto waliolala kwenye foleni ya chanjo upande wa pili. Akatoka anacheza mabega, akamkuta Tata Zwelibanzi akiingia. Baada ya muda mzee akatoka akitembea kama jogoo.

"Presha yangu ni ya kijana!" akatangaza. "Mimi sina hata kidogo."

"Huna," MaBhele akasema, "kwa sababu unatugawia sisi."

Jumamosi ukumbi wa Mthatha ulijaa mpaka madirishani. Walipoitwa, MaBhele alipanda jukwaani kwa viatu vyake vyeupe, akageukia kwaya yake, na hapo hapo akahisi meza ya majaji ikimchoma kisogoni. Moyo ukashtuka. Ukagonga, ukagonga, ukasahau, ukagonga. Mkono ulikuwa tayari hewani. Watu wote arobaini walikuwa wamevuta pumzi pamoja naye, wameishika, vifua juu, macho yametoka, wanangoja.

Akawaona. MaRhadebe, anayeogopa upepo. Tata Zwelibanzi, shingo imesimama mishipa. Sista Vuyokazi, mstari wa pili, sare imebadilishwa na kitambaa cha njano kichwani, anaogopa kuliko wote, na yeye pia ameshika pumzi! Muuguzi mzima!

MaBhele akataka kucheka. Badala yake akatoa pumzi, taratibu, mpaka mwisho.

Alisahau kitu kimoja. Kwaya ile imefundishwa kufanya kila anachokifanya. Watu arobaini wakatoa pumzi kwa pamoja, "pfuuuuu", kama basi linaloachia breki za upepo. Ukumbi ukanyamaza sekunde moja, kisha ukalipuka kwa kicheko. Jaji mmoja aliangusha kalamu. Kwaya nayo ikacheka, mabega yakashuka, shingo zikalegea, na kicheko kilipotulia, MaBhele alikuwa bado ametazama kwao, kwao tu. Akanyanyua mkono upya. Akaushusha.

Hawakukimbia. Ubeti wa kwanza hawakukimbia, wa pili hawakukimbia, na pale ambapo watu wa tena huchelewa kila mwaka, waliingia kama watu waliofika nyumbani mapema wakakuta chai iko mezani.

Walipata nafasi ya pili. Kwenye basi MaBhele alisoma maoni ya majaji kwa sauti, mara kadhaa, kwa sababu kila aliyekuwa nyuma alidai hakusikia: Sauti nzuri. Mwendo mtulivu kuliko wote.

"Sasa kwa nini ya pili?" Tata Zwelibanzi akanung'unika.

"Kwa sababu ulicheka kwa besi."

Basi zima likapiga makofi, likaanzisha wimbo, umngqusho wa mahindi na maharage ukapitishwa kwenye mabakuli, na katikati ya kelele hizo Sista akamshika MaBhele kifundo cha mkono.

"Unakimbia, mama."

"Leo ni furaha, Sista! Furaha nayo ni ugonjwa?"

"Siyo ugonjwa. Lakini moyo mbio ni mbio, na wewe una Alhamisi na mimi."

MaBhele akamtazama. Akatazama basi, watu wanavyoruka vitini, Tata Zwelibanzi aliyesimama kwenye njia ya katikati akiwafukuza mbuzi wake wote kwa mikono miwili. Naye akasimama, akashika kiti, akanyanyua mkono, akatoa pumzi. Basi likatoa pumzi. Wimbo ukashuka, ukanyooka, ukaanza kutembea, na hata dereva akapunguza mwendo.